Baridi ya Bukavu Haipozi Prosesa

Imekaa katika vichwa vya watu wa Bukavu, na hasa wale waliosoma, dhana moja ambayo kwa kuwa ni tamu na kwa kuwa inausifu mji hupita kila mahali bila kudaiwa ithibati: ya kwamba joto la kompyuta ni balaa la watu wa Kinshasa, wa Kindu, wa Uvira na wa Mombasa, ambao jua limewakalia utosini, ilhali sisi tulio juu ya ziwa Kivu, katika mji wa kimo cha kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambao wastani wa joto lake kwa mwaka unakaribia nyuzi 20, tumepewa na maumbile kipozi kisicholipiwa bili. Muuzaji wa laptopu za okaziyo, yaani zilizokwisha kutumika, pale Nyawera humwambia mteja bila kupepesa macho, “Mama, usiogope, hapa Bukavu kuko baridi, mashini haiwezi kushofa,” yaani kupata moto. Mkuu wa ofisi huifuta fedha ya matengenezo kwa hoja hiyohiyo. Na fundi, aghalabu kijana hodari ajuaye kufungua na kufunga kompyuta hata gizani, akiulizwa prosesa hii hufika nyuzi ngapi ikiwa kazini, huweka kiganja chake chini ya mashini, akatafakari kidogo, akajibu kwamba iko sawa.

Naipinga dhana hiyo kutoka shina hadi kilele, na insafu yataka nianze na lile ambalo ndani yake ni kweli. Ni kweli kwamba joto la prosesa huhesabiwa kuanzia joto la hewa iliyomo chumbani, na kwamba hapana feni iwezayo kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ile inayoipuliza. Kwa hiyo mtu aliyeketi katika chumba chenye nyuzi 20 ana nafasi ya nyuzi kumi zaidi ya mwenzake wa Mombasa aliyeketi katika nyuzi 30. Wenye dhana ile huishia hapo wakidhani hesabu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza, kwa maana joto linaloisumbua prosesa halitoki hewani hata chembe, bali linazaliwa ndani yake. Kila wati ya umeme iingiayo katika prosesa hugeuka joto, yote pia, pasipo salio, kwa kuwa prosesa haisukumi gurudumu wala haiinui mzigo. Chukua mathalan Intel Core i5-8250U ya mwaka 2017, ambayo si ngeni kwa mafundi wa mji huu: imepimiwa wati 15 kwa kazi ya kawaida, na ikipewa ruhusa hupanda kwa muda mfupi hata ikapita mara mbili ya kiasi hicho, na wati zote hizo huzaliwa katika kipande cha silikoni kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lisipoondolewa joto hilo, basi hata kompyuta ikiwa juu ya mlima Kahuzi katika upepo wa alfajiri, kipande kile kitakaribia nyuzi 100 katika sekunde chache tu.

Kuondolewa kwake kuna njia, na njia hiyo ina vituo. Joto hutoka kwenye silikoni, likavuka ule ute mzito wa kijivu ambao mafundi wetu huuita pati, likaingia katika bamba la shaba, likasafirishwa na mrija wa shaba wenye maji kidogo ndani yake hadi kwenye mbavu nyembamba zilizopangwa kama kurasa za kitabu, na hapo ndipo feni huipitisha hewa ya chumba ikalichukua. Baridi ya Bukavu, ambayo imebebeshwa sifa zote hizi, haigusi ila kituo cha mwisho. Pati ikikauka ikawa unga, mrija ukipasuka maji yakaisha, mbavu zikiziba, baridi yote ya ziwa Kivu itasimama mlangoni isipate pa kupitia.

Na hata katika kituo hicho cha mwisho, hewa yetu si hodari kama inavyosifiwa. Mama yeyote wa Kadutu anajua bila kufundishwa na mtu kwamba maharage ya hapa hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Uvira, na sababu yake ni kwamba katika kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa kuwa shinikizo la hewa limepungua. Hewa ileile iliyo nyepesi juu ya sufuria ni nyepesi vilevile ndani ya feni ya kompyuta: feni izungukayo kwa kasi ileile hupitisha ujazo uleule wa hewa, lakini ujazo huo una uzito uliopungua karibu sudusi nzima kuliko ule wa pwani kwa joto lilelile, na kinachobeba joto ni uzito wa hewa wala si ujazo wake. Kwa kadirio ambalo wahandisi hulitumia siku zote, kimo cha mita 1,500 hupunguza uwezo wa upozaji wa feni kwa kama ushuri mmoja. Jumuiya ya wahandisi ya Marekani iitwayo ASHRAE, ambayo miongozo yake hufuatwa na wajenzi wa vyumba vya seva duniani kote, imeagiza kwamba kwa seva za madaraja ya kawaida joto la juu kabisa linaloruhusiwa chumbani lipunguzwe kwa nyuzi moja kila mita 300 zinazopita mita 900. Yaani hapa kwetu chumba kinanyimwa nyuzi mbili kabla hatujawasha hata mashini moja.

Na tuifanye hesabu hiyo kwa laptopu. Ikiwa mashini safi huko Mombasa, katika chumba cha nyuzi 30, hufika nyuzi 85 ikifanya kazi nzito, basi prosesa yake imepanda nyuzi 55 juu ya hewa. Ilete mashini hiyohiyo Ibanda, katika chumba cha nyuzi 20, na kwa ajili ya wepesi wa hewa itapanda kama nyuzi 61 badala ya 55; jumla yake 81. Nyuzi kumi tulizojivunia zimebaki nne. Nyuzi nne si kitu cha kudharauliwa, lakini si kipozi cha maumbile, na hazitoshi kulipia hata kiangazi kimoja cha vumbi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoisifu baridi hawalitaji, nalo ni kwamba feni za siku hizi hazizunguki kwa kasi moja daima. Programu iliyomo ndani ya mashini huisoma prosesa mara kwa mara, na ikiona hewa inasaidia huipunguza kasi ya feni, kwa kuwa waundaji wanataka mashini yao iwe kimya na itumie umeme kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile nyuzi nne hailetwi kwa prosesa kama ubaridi, bali hutumika kununua ukimya. Mtu aliyezoea mashini isiyovuma husema, “Unaona, haishofi,” naye hakusikia ila feni iliyoamriwa kutulia.

Naendelea zaidi: baridi hii tunayoisifu ndiyo yenyewe inayoleta joto katika nyumba nyingi. Mwanafunzi anayeandika TFC yake ya kumalizia masomo usiku wa mvua, huko Muhumba au Panzi, hufunga madirisha, akapanda kitandani, akajifunika blanketi la manyoya na kuiweka laptopu juu ya blanketi hilohilo, ilhali laptopu nyingi huvuta hewa kutoka chini, kwenye vitundu vya tumboni mwake. Manyoya yakishaziba vitundu vile feni huvuta pamba badala ya hewa. Mwenzake wa Uvira, kwa kuwa joto la pale limemtoa kitandani, huiweka mashini yake juu ya meza penye upepo, ikapumua. Hivyo yaweza kutokea, na hutokea, kwamba prosesa ya mji wa baridi iwe na moto kuliko ya mji wa joto, na mwenyewe asishuku neno kwa kuwa vidole vyake vimekufa ganzi.

Kisha vumbi. Toka mwezi wa Juni hadi mvua zirudipo, barabara zetu zisizo na lami huinua vumbi jekundu la udongo ambalo huingia hata katika kabati lililofungwa, na ndani ya nyumba makaa ya jiko la babula huongeza majivu yake laini, na moshi wa jenereta huongeza masizi yenye mafuta. Ifungue laptopu iliyofanya kazi miaka mitatu katika kibanda cha sekretarieti kando ya barabara ya Patrice Lumumba, uiondoe feni kwa skrubu zake tatu, utazame nyuma yake, mahali feni inapokutana na zile mbavu za shaba. Kwa fikira zako utatarajia kuona vumbi limetapakaa. Utakaloliona ni zulia. Ni kitu kizito cha kijivu chenye wekundu, kimefumwa kwa nywele, nyuzi za nguo na udongo, unene wake kama wa ukucha, kimeshikana kiasi ambacho ukikivuta kwa koleo ndogo hutoka chote kwa pamoja na umbo la mbavu limechapwa juu yake. Wala hakionekani kutoka nje; vitundu vya nje ni safi, na mwenye mashini huvipangusa kila Jumamosi. Zulia hilo peke yake laweza kuongeza nyuzi kumi, kumi na tano, hata ishirini, na mbele ya hesabu hiyo zile nyuzi nne zetu hazina kauli.

Sasa nije kwenye kiganja cha fundi, maana hapa ndipo dhana hii inapojikinga ikishindwa kwingine: ya kwamba ikiwa mashini ina moto, mkono utajua. Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi, kwani wengi wao wamejifunza kwa jasho lao wenyewe, pasipo vitabu wala vipuri, na wamefufua mashini ambazo waundaji wenyewe wangezitupa. Lakini kiganja cha mwanadamu si kipimo. Huanza kuona maumivu kwenye nyuzi 45 hivi, na kilichoko chini ya kiganja ni plastiki ya nje, iliyotenganishwa na prosesa kwa nafasi, bamba na hewa. Plastiki hiyo inaweza kuwa na nyuzi 40 prosesa ikiwa na 60, na ikawa na nyuzi 40 prosesa ikiwa na 95. Tena mkono hukosea zaidi pale inapohitajika usikosee. Pati ikikauka, au mrija wa shaba ukifa, joto halifiki tena kwenye mbavu. Hewa itokayo kwenye tundu la pembeni huwa ya ubaridi, mbavu ni baridi, plastiki ni baridi, na fundi akiweka mkono wake hufurahi, ilhali joto lote limefungiwa ndani ya kile kipande cha silikoni kama mfungwa. Mashini itoayo hewa baridi huku ikifanya kazi nzito si mashini yenye afya, ni mashini ambayo joto lake limekosa njia.

Mtu atauliza: ikiwa prosesa zetu zina moto kiasi hiki, mbona haziungui? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yangu yote. Zamani ziliungua. Mnamo Septemba 2001 daktari Mjerumani Thomas Pabst, mwasisi wa Tom's Hardware, aliionyesha dunia jaribio ambalo mafundi wa rika la wakati ule hawajalisahau: aliziondolea kipozi prosesa nne zikiwa kazini. Athlon za AMD zilitoa moshi na kufa papo hapo. Pentium III ya Intel iligoma, ikasimama. Na Pentium 4 ilipunguza kasi, ikajikokota, lakini ikaendelea na kazi yake. Tangu hapo waundaji wote walishika njia ya ile ya mwisho. Prosesa ya leo ina kipimajoto ndani ya silikoni yenyewe, na ina kikomo kilichoandikwa na kiwanda, ambacho kwa i5-8250U niliyoitaja ni nyuzi 100. Ikikifikia, haiungui, haipigi kelele, haiandiki onyo kwenye kioo. Hujipunguzia kasi. Ile iwezayo kufika gigahezi 3.4 hushuka hadi 1.6, na hali ikizidi hushuka hata chini ya 1, ikakaa huko muda wote ambao joto halijapata njia, na endapo hata hilo halisaidii, hujizima ghafla ili iokoe nafsi yake.

Kwa hiyo madhara ya joto katika mji wetu hayaonekani kwa sura ya joto. Huonekana kwa sura ya uzito, ya ukaidi, ya uzee. Laptopu inayochelewa kufungua Word huambiwa ina virusi, ikawekwa Windows upya, ikakaa siku mbili vizuri kwa kuwa haijapewa kazi, kisha ikarudia, mwenyewe akatozwa tena, safari hii kwa kuongezewa memori, ikarudia, ikahukumiwa kwamba ni ya kichina, au kwamba imezeeka, na shirika likaandika ombi la kununua mashini mpya kwa dola mia kadhaa, huku ile ya kwanza ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu wa Bagira atakayeirithi pamoja na zulia lake. Na ile inayojizima ghafla hudhaniwa kwamba imeonewa na umeme, kwa kuwa katika mji ambao delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, ni desturi, kila kifo cha mashini kina mshitakiwa aliye tayari. Umeme wetu una makosa mengi, nami si wakili wake. Lakini laptopu yenye betri nzima haizimwi na kukatika kwa umeme. Ikizimika huku betri ingali na nusu, atafutwe mhalifu mwingine, na wa kwanza kuulizwa awe joto. Fedha inayopotea hivi mwaka hata mwaka, katika mji ambao mzazi huuza mbuzi ili mtoto wake apate laptopu ya chuo, ndiyo inayonifanya nisiweze kuinyamazia dhana hii kana kwamba ni mzaha wa barazani.

Kipimo kipo, kimo ndani ya kila mashini, na hakiuzwi. Kwa Windows, ambayo yenyewe huonyesha kasi ya prosesa lakini haionyeshi joto lake, ziko programu ndogo kama HWiNFO na Core Temp, ambazo hupatikana bila malipo kwa matumizi ya nyumbani na huweza kubebwa katika flashi kutoka mashini hadi mashini bila haja ya intaneti. Kwa Linux hata programu si lazima: ndani ya /sys/class/thermal kuna faili ya joto la prosesa, katika ukanda ambao kwa prosesa za Intel aina yake huandikwa x86_pkg_temp, na namba iliyomo huandikwa kwa elfu za nyuzi, hata ukisoma 61000 ujue ni nyuzi 61. Lakini namba bila elimu ya kuisoma ni fitina nyingine, na hapa nataka nikae kidogo.

Kipimajoto cha prosesa za Intel za aina ya Core hakisemi “nina nyuzi 70”. Husema “nimebakiza nyuzi 30 kufika kikomo changu”, na programu ndiyo inayofanya hesabu ya kutoa. Kimeundwa kiwe sahihi karibu na hatari, na usahihi wake hupungua kadiri prosesa inavyokuwa baridi. Kwa sababu hiyo ile namba ambayo watu hupenda kuonyeshana, ya mashini iliyowashwa tu na haifanyi neno, nyuzi 38 au 42, karibu haina maana yoyote. Wala namba ya nukta moja haina maana: prosesa ikifungua programu hurukia kasi yake ya juu, joto likapanda nyuzi thelathini kwa sekunde moja, kisha likashuka, na huo ndio mwenendo wake wa siha. Kinachotakiwa ni kuipa mashini kazi nzito isiyokatika, kama kubadili muundo wa video ndefu, kwa nusu saa, na kutazama mambo mawili kwa pamoja, joto na kasi. Joto likipanda hadi 80 au 85 na kasi ikakaa imara, mashini haina ugonjwa. Joto likigonga kikomo na kasi ikaporomoka, ugonjwa umethibiti, hata kama chumba kina nyuzi 15 na mvua ya mawe inanyesha nje.

Juu ya yote hayo, litolewe joto la hewa ya chumba katika joto la prosesa, na tofauti iandikwe. Tofauti hiyo ndiyo shahidi asiyepotoshwa na hali ya hewa, na ndiyo inayoivunja dhana ya baridi moja kwa moja. Ikiwa mwezi wa Januari kazi ileile ilileta tofauti ya nyuzi 52, na mwezi wa Septemba ikaleta 70, hapana haja ya kubishana juu ya Bukavu na Kinshasa. Kitu kimeziba au kimekauka, na kinaweza kusafishwa siku hiyohiyo.

Yuko pia mtu wa upande wa pili, aliyeipata programu jana na leo hapati usingizi kwa sababu ameona namba 88. Huyu naye ahurumiwe na aelezwe. Namba iwe kubwa au ndogo husomwa mbele ya kikomo cha prosesa yenyewe, na vikomo vinahitilafiana. AMD ilipotoa Ryzen 7000 za kompyuta za mezani mwaka 2022 ilisema wazi kwamba nyuzi 95 katika kazi nzito ni lengo zilizoundiwa, si ajali. Hofu isiyo na kipimo na utulivu usio na kipimo ni ndugu wa baba mmoja. Lakini mwenye hofu angalau ametazama.

Wajuzi zaidi hunijibu kwa hoja iliyo bora kuliko zote: ikiwa prosesa inajilinda, basi muiache ijilinde, sisi tuendelee na shughuli zetu. Nami nasema inajilinda yenyewe, hailindi majirani zake. Betri ya lithiamu iliyolala sentimita chache kutoka kwake huchakaa upesi katika joto, nayo katika mji wa giza ndiyo roho ya laptopu. Vivyo hivyo vile vikapasita vilivyo kwenye bodi. Na ziko nukta za kulehemu zinazoishika chipu kwenye bodi, ambazo sehemu yake kubwa ni bati, madini ambayo mkoa huu huyauza nje yakiwa mawe: kila joto likipanda na kushuka nukta hizo hutanuka na kusinyaa, na baada ya maelfu ya mara hupasuka. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa malighafi za chipu na za ufungashaji wake. Hapa mjini mashini iliyokufa hivyo huletwa kwa fundi, akaipuliza bodi yake kwa bunduki ya hewa moto mpaka ikafufuka, na mwenyewe akaondoka na furaha ambayo aghalabu haimalizi majuma machache. Kisha kuna kazi yenyewe. Mashini ijilindayo kwa kutambaa huila saa ya mtu, na huila betri, kwa kuwa kazi ya nusu saa hufanywa kwa saa nzima, kioo kikiwaka na feni ikizunguka kwa nguvu zake zote, na silikoni yenye moto huvujisha umeme zaidi ya ile iliyopoa. Kwa mtu anayengoja umeme wa mto Ruzizi urudi, hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza waraka na kulala bila kuumaliza.

Wala asidhani mtu kwamba joto ni jambo la wapenda michezo ya video peke yao. Mwaka 2004 Intel, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kazi hii, iliifuta prosesa yake ya Tejas na baadaye ikaachana na nia ya kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa wati na joto vilikuwa vimeifunga njia hiyo. Na hiyo ndiyo sababu leo tuna prosesa za kore nyingi badala ya kore moja yenye kasi isiyo na mwisho. Jambo lililoigeuza njia ya kiwanda kizima cha California haliwezi kuwa dogo mno kuangaliwa Bukavu.

Kwa hiyo mama yule wa Nyawera, na kila anunuaye mashini ya okaziyo katika mji huu, asiridhike na habari za hali ya hewa. Amwombe muuzaji aiweke mashini juu ya meza, aipe kazi nzito nusu saa mbele yake, huku programu ya kipimo ikionyesha joto na kasi. Kisha namba ziandikwe kwenye risiti: joto la chumba, joto la juu kabisa la prosesa, kasi iliyobaki mwishoni, na kama feni ilisikika. Fundi naye, arudishapo mashini aliyoisafisha, aandike namba za kabla na za baada, mteja aone alicholipia. Na mkuu wa ofisi, kabla hajatia sahihi ombi la kununua laptopu kumi mpya, adai namba za zile kumi za zamani zilizosafishwa na kutiwa pati mpya, ambayo kibomba chake kimoja hutosha mashini kadhaa na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashini moja. Muuzaji atakayesema kwamba hana nusu saa ya kumpa mteja wa dola mia mbili, mteja na avuke barabara aende duka la pili.